Rivyu: CHP wetu wa Ahero na mkoba wake, baada ya mwaka mmoja

Naona watu wanaandikia rivyu hoteli za samaki za Dunga, garaji, saluni, hadi vinyozi. Mimi nataka kuandikia huduma moja ambayo hailipishwi na wengi wenu mnayo hapo mtaani kwenu na hamuijui, hata mimi sikuwa naijua mpaka mtoto wangu akashikwa. Naongea juu ya CHP (community health promoter), yule mhudumu wa afya wa jamii anayepita boma kwa boma kwa mguu na mkoba mgongoni. Mimi niko Ahero upande wa mashamba ya mpunga, nafanya kazi kwa kinu cha mchele, na CHP wetu tunamwita Nyar Alego, yaani binti wa Alego, juu huko ndiko alizaliwa kabla aolewe huku. Jina lake la kitambulisho naliacha, hajanipa ruhusa ya kumweka mtandaoni.

Mara ya kwanza alipopita kwangu nilidhani ni wale wa kuandikisha watu bima ya afya ya SHA. Nikamwambia sisi tumeshajiandikisha, nikarudi ndani, yeye akaandika namba yake ya simu kwa karatasi akamwachia mama watoto. Mama watoto akaibandika nyuma ya mlango. Hiyo karatasi ndiyo ilimwokoa mtoto wangu, na mimi sikuwa hata nimeisoma.

Ilikuwa Aprili, ile mvua inanyesha hadi mto Nyando unapanda na nyumba haikauki wiki nzima. Kasichana ketu kadogo kalikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Jumatatu kikohozi na kamasi, Jumanne mwili ukawa moto, nikatoka kazini nikapitia kemisti moja, sitaitaja, nikasema tu mtoto ana homa na anakohoa. Aliyekuwa kaunta hakuuliza umri, hakuuliza kilo, hakuuliza kama ananyonya. Akanipa dawa ya maji ya kikohozi, panadol ya watoto, na tembe za malaria nusu dozi juu pesa niliyokuwa nayo haikufika dozi nzima. Mtoto hajapimwa chochote. Na mimi nikatembea kurudi nyumbani nikiona nimefanya kazi ya baba.

Jumatano jioni mtoto hachezi, anashika titi anaachilia, anashika anaachilia, analia kidogo kidogo kama mtu amechoka kulia. Mamangu, dani yao, akaangalia venye tumbo lilikuwa linapanda na kushuka akasema hii ni sihoho, kuna mtu alimtazama vibaya sokoni, apelekwe kwa nyamrerwa, mkunga wa kienyeji, akasuguliwe. Simlaumu mamangu hata kidogo. Alizaa saba akazika wawili wakiwa wadogo na hakuna mtu aliyewahi kumketisha chini akamwambia walikufa na nini, kwa hivyo alikuwa ameshika kile alichoachiwa na mamake. Mama watoto hakubishana na yeye, alienda tu nyuma ya mlango akasoma ile namba.

Nyar Alego alifika na gumboots na mwavuli umekunjika upande mmoja, kiza kikiwa kinaingia. Na hapa ndo nataka mtu asome polepole juu hii ndiyo huduma yenyewe ninayoandikia.

Hakumgusa mtoto kwanza. Alimsalimia mamangu, akakaa, akauliza maswali manne, moja moja, na alingoja jibu. Ananyonya au kunywa kitu? Anatapika kila kitu anachopewa? Ameshikwa na degedege tangu augue? Amelegea sana, haamki ukimwamsha? Alisema hayo manne ndiyo ya kuuliza kwa mtoto yeyote chini ya miaka 5, ugonjwa uwe ni gani, na jibu likiwa baya hata kwa moja tu, hapo hakuna kungoja asubuhi. Yaani mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya kabisa, au anayetapika kila kitu, au aliyepata degedege, au asiyeamka vizuri, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo. Wetu alikuwa bado ananyonya kwa shida na anatufuata na macho.

Halafu akasema mtoto apakatwe, asinyonyeshwe kwanza, atulie. Tukangoja mpaka akanyamaza. Akainua vesti, akafungua saa ya simu, akaangalia kifua na tumbo bila kusema neno, dakika moja nzima. Mimi nilidhani ameganda. Baadaye akaniambia, Baba, hebu na wewe uhesabu. Nikahesabu nikamwambia mia moja na kumi na kitu, akaniuliza unahesabu kupanda na kushuka? Nikasema ndio. Akasema kupanda na kushuka ni pumzi moja, rudia. Nikarudia nikapata 57, yeye alikuwa amepata 58.

Sikujua 58 ni mbaya. Akanieleza: mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifika 40 kwa dakika hiyo ni pumzi ya mbio, wa miezi 2 mpaka kabla ya mwaka ni 50, na kachanga ka chini ya miezi 2 ni 60. Na lazima iwe dakika nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, juu watoto wanapumua vipande vipande, mara haraka mara polepole. Na asiwe analia, asiwe ananyonya.

Lakini kitu kilichomfanya asimame si hiyo namba. Alinivuta nikachuchumaa karibu, akanionyesha hapa chini ya mbavu, pale kifua kinapokutana na tumbo. Kila mtoto alipovuta hewa, pale paliingia ndani. Mtu mzima akivuta hewa kifua kinatoka nje, kwa huyu mtoto sehemu ya chini ilikuwa inazama kama mtu anavuta kitambaa kutoka ndani. Nilikuwa nimemtazama huyo mtoto siku mbili. Nilikuwa nimeona tumbo likipanda. Sikuwa nimeona hiyo, na ilikuwa hapo mbele yangu.

Akasema hii inaonekana ni nimonia na mimi sina dawa ya hii kwa mkoba, anaenda sasa. Akampima malaria hapo hapo huku mama watoto anafunga vitu, tone la damu kutoka kwa kidole, matone ya dawa juu ya kile kipimo cha plastiki, dakika 15. Mstari ukatoka mmoja, ule wa kuonyesha kipimo kinafanya kazi. Wa malaria haukutoka. Kwa hivyo zile tembe za nusu dozi nilizokuwa nampa hazikuwa za ugonjwa wake, na ugonjwa wake ulikuwa umeachiwa siku mbili ukakua.

Mamangu akauliza na sihoho je. Nyar Alego hakumcheka. Alimwambia, Mama, uliona vizuri kwamba tumbo linapanda, wewe ndiye uliona mbele ya huyu baba, hiyo tumbo inapanda juu mapafu yamejaa anapigania hewa, wacha tumpeleke wamsaidie kupumua. Mamangu ndiye alitoa shuka yake ya kumfunika. Hiyo peke yake ningeipa nyota tano, kwa sababu nimeona watu wa afya wanaongea na wazee kama wanafokea watoto, na mzee akishafokewa mgonjwa anabebwa usiku kwenda kule kwingine.

Boda ikaja. Akatuambia mama amnyonyeshe kidogo kidogo njiani kama anaweza, asifunikwe na blanketi tano za kumbana kifua, akaandika karatasi ya kutuma mgonjwa na akapiga simu mbele. Hospitalini wakamwekea kile kibano chenye taa nyekundu kwa kidole cha mguu, ikaandika 86. Daktari hakusema mengi, alisema chini ya 90 huyu anahitaji oksijeni, na akawekewa mipira ya pua dakika hiyo. Nilisimama hapo nikiangalia hiyo namba kama mtu anaangalia matokeo ya mtihani, 86, 88, 88, 91, ikarudi 89, ikafika 93, hapo ndo nilikaa chini. Sindano, usiku tano wodini, akatoka. Leo ana miaka miwili na zaidi, na akimwona Nyar Alego kwa geti anainua nguo mwenyewe aonyeshe tumbo.

Sasa huduma yenyewe, nikiiangalia kwa mwaka mzima na si usiku mmoja tu.

Hii mambo ya CHP si mpya, kulikuwa na wahudumu wa kujitolea miaka mingi, lakini Septemba 2023 serikali ilizindua CHP 100,000 nchi nzima na kuwapa mikoba, na kila mmoja anasimamia kama nyumba 100. Ndani ya mkoba wa wetu nimeona kipimajoto, mashine ya presha, ya sukari, mizani, vipimo vya malaria, ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha), zinki, dawa ya malaria, na ule mkanda wa rangi wa kupima mkono wa mtoto. Huo mkanda nimeupenda sana. Unazungushwa katikati ya mkono wa kushoto juu ya kiwiko kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, kijani ni kuanzia sentimita 12.5, njano ni kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5 na huyo anapelekwa kwa matibabu ya utapiamlo. Kwa jirani yetu kulikuwa na mtoto amevaa masweta mawili, mashavu yamejaa, kila mtu anasema amenona, mkanda ukasoma njano. Angeangaliwa kwa macho tu hangeonekana.

Kitu kingine alitufundisha ni kuhara. Kijana wetu wa miaka minne aliharisha Juni baada ya maji ya kisima kuingia mafuriko. Mimi zamani ningenunua soda na glukosi. Nyar Alego akatuletea ORS na zinki, akachukua chupa yetu ya soda ya nusu lita, akaiosha, akapima maji yaliyochemshwa yakapoa, akamwaga pakiti yote. Pakiti yetu ilikuwa ya nusu lita, kuna za lita moja, soma yako, usigawe pakiti na usiongeze sukari wala chumvi yako juu ladha haikufurahishi. Kila akiharisha anakunywa kama nusu ya glasi kubwa hadi nzima, mililita 100 mpaka 200 kwa mtoto wa miaka miwili kwenda juu, mdogo wa chini ya hapo 50 mpaka 100. Akitapika ngoja dakika 10 uanze tena na kijiko, polepole zaidi. Hapo ndo watu wengi tunashindwa, mtoto akitapika mara moja tunasema dawa imekataa tunaacha. Iliyobaki baada ya siku moja mwaga, changanya mpya. Chakula kinaendelea, titi linaendelea.

Zinki ni tembe moja kwa siku, ya miligramu 20, inayeyuka kwa kijiko cha maji, siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumeisha siku ya tatu. Mtoto wa chini ya miezi 6 ni nusu tembe. Mimi nilitaka kuacha siku ya nne na nikapigiwa simu nikaulizwa umempa leo? Alinionyesha pia kubana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuachilia, inafaa irudi saa hiyo hiyo. Ikirudi polepole, macho yamezama, mtoto anapigania kikombe kama hajawahi kuona maji, maji yameisha mwilini aende kituo cha afya. Akiwa amelegea hawezi hata kunywa, huyo ni wa dripu, kimbia. Na damu kwa choo si ya kutibu nyumbani.

Malaria ndio wageni wetu wa kila mwaka huku, sitasema mengi. Apimwe kwanza. Mstari wa pili ukitoka, anapewa AL, ile dawa ya malaria, dozi 6 kwa siku 3, ya pili baada ya masaa 8, zingine asubuhi na jioni, ameze na chakula au maziwa juu inahitaji mafuta kuingia mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa anapewa tena. Siku ya pili mtoto huwa ameamka anacheza na hapo ndo tunaweka zilizobaki kwa kabati za mtoto mwingine, mimi nimefanya hiyo miaka, sifanyi tena. Chanjo ya malaria nayo ilianza huku kwetu Nyanza, Homa Bay, Septemba 2019, kasichana ketu alipata za kwanza na Nyar Alego ndiye aliangalia kadi ya kliniki akaona moja imepita tarehe. Hiyo ya nimonia iko tangu 2011 na ya rota ya kuhara tangu 2014, na wetu alikuwa nazo zote na bado akapata nimonia, kwa hivyo usiseme mtoto amechanjwa hawezi kushikwa. Inapunguza, haifungi mlango kabisa.

Degedege niliiona kwa jirani si kwangu. Walikuwa wanataka kumwekea kijiko mdomoni na kumwagia maji baridi. Nyar Alego akawaelekeza kwa simu tu, mlazeni upande, ondoeni vitu karibu, msiweke kitu mdomoni, msimpe dawa ya kunywa, mleteni. Shingo ikiwa ngumu na homa, au viganja vimekuwa vyeupe kama karatasi, hayo pia ni ya hospitali na si ya kemisti.

Sasa mahali nimekata nyota.

Stoki. Mvua ya mwaka huu, wakati malaria iko juu kabisa, vipimo viliisha kwa mkoba karibu wiki tatu, zinki pia. Alikuwa anakuja anahesabu pumzi, anaangalia, anauliza yale manne, halafu anatuambia nendeni kituo mkapimwe, na kituo ni mbali na boda ni pesa. Si makosa yake, mzigo haukushuka, na alikuwa anaona haya kuliko mtu yeyote. Lakini mzazi aliyetumwa mbali mara mbili bure mara ya tatu anarudi kaunta kununua nusu dozi. Hii irekebishwe kabla ya msimu, si katikati.

Ya pili ni malipo. Shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, kwa mtu wa nyumba 100 anayeamshwa saa nane usiku. Nimemwona akinunua kredo na pesa yake mwenyewe ili afuatilie mgonjwa. Nasema hii kwa roho moja, huyo mama anafanya kazi kubwa kuliko ya wengi wetu tunaolipwa mara tano.

Na mjue mipaka yake. Si daktari, hachomi sindano, hana oksijeni. Kazi yake ni kuona mapema na kutuma mapema, na kutibu yale ya nyumbani. Kama mtoto ana moja ya yale manne usianze kumtafuta CHP, panda boda. Na mtoto wa chini ya miezi 2 hana mambo ya kungojewa, akiwa na joto 37.5 kwenda juu, au amekuwa baridi kupita kawaida, au ameacha kunyonya, au kitovu kimekuwa chekundu kinatoa usaha, ni hospitali, hata kama anaonekana ametulia. Hasa akitulia sana.

Wako utampata aje? Uliza mzee wa mtaa au enda dispensari iliyo karibu useme unaishi wapi, wanajua nani anasimamia nyumba zenu. Chukua namba, iweke mahali kila mtu wa nyumba anaiona, hata mfanyakazi wa nyumba, hata nyanya. Na mwambie akufundishe kuhesabu wakati mtoto ni mzima, juu usiku wa ugonjwa mikono inatetemeka. Mimi sasa nahesabu yangu wakilala, nimejua pumzi ya kila mmoja wao ikiwa sawa, kasichana ni kama 28.

Nyar Alego mwenyewe, tano kwa tano. Huduma kwa jumla, nne. Nitarudi kuibadilisha msimu ambao mvua itanyesha na mkoba uwe bado una vipimo.